Safari ya Kuchora Ufukwe Mtupu

Niliondoka Mwanza kwa sababu ya ukungu. Aliyeutaka ukungu si mimi, ni Projestus, mchoraji mwenzangu niliyesoma naye chuo kimoja kabla hajapata nafasi ya kwenda Ulaya na kukaa huko miaka mingi. Alirudi na ndevu, koti la mvua linalofika magotini, na imani mpya. Imani yenyewe ni hii: zamani huko Ulaya walikuwapo wachoraji waliogundua kwamba milima, dhoruba na maporomoko ya maji ni vitu vitakatifu kuliko wafalme. Wakaanza kuvichora vikubwa, na binadamu wakamchora mdogo kama kisiki, amewapa mgongo watazamaji, anaangalia bonde lililojaa ukungu.

"Mbele ya maumbile, Milembe," aliniambia sebuleni kwangu, "mtu anapaswa kujiona si kitu."

Alisema hivyo akiwa amekalia kiti changu kizuri, na huku ananinyooshea kikombe nimwongezee chai.

Alikuwa amepata kazi. Kampuni moja, ambayo sitaitaja, ilitaka picha kubwa za ziwa kwa ajili ya hoteli. Alihitaji mtu wa kumsaidia na vifaa na wa kusema Kisukuma, maana yeye ni Mhaya, na Kiswahili chake siku hizi kinahitaji mkalimani. Mimi hufundisha kuchora, na wakati huo chuo kilikuwa kimefungwa. Nilikubali. Nilitamani kuona mtu anayejiona si kitu anavyoishi na wenzake.

Siku ya kuondoka alikuja kutuchukua Tonny, kijana wa kampuni, mwenye simu mbili na miwani ya jua aliyoivaa hata kabla jua halijachomoza. Projestus alikaa mbele. Tulipofika Buhongwa, kwenye gereji, matofali yaliyopangwa kando ya barabara, vibanda vya chipsi na mafundi wa kuchomelea mageti, alivuta kofia ikamfunika macho.

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Nalinda jicho," akajibu. "Nikiona hivi vitu, vitaniingilia kwenye picha."

Kwa hiyo mtu aliyekuja kuitazama nchi yake aliivuka Buhongwa nzima akiwa amefumba macho. Wale mafundi nao hawakumtazama. Walikuwa na kazi.

Tulipofika Kigongo alifumbua macho, akakasirika. Daraja jipya lilikuwa mbele yetu, refu, jeupe, limenyooka mpaka Busisi. Yeye alikumbuka kivuko cha ujana wake: magari yakipanda taratibu, maji yakipiga ubavuni, jua likizama nyuma ya mawe.

"Wameua mandhari," alisema. "Zege tupu! Zamani ulikuwa unalikabili ziwa ana kwa ana."

Mimi nimewahi kulikabili. Nilikaa Kigongo nikisubiri kivuko, mama yangu amelala kiti cha nyuma, pumzi zinamkatika, na mbele yetu foleni ya malori. Mandhari ilikuwa nzuri ajabu. Sikumwambia Projestus habari hiyo, kwa sababu angeniuliza mwanga ulikuwa wa rangi gani. Tonny alikanyaga mafuta, tukavuka kabla mchoraji hajamaliza kuomboleza.

Baada ya Sengerema tuliiacha lami. Vumbi lilitufuata mpaka alasiri, tulipofika kwenye kijiji nitakachokiita Nyamkole, maana jina lake halisi halina haja ya kuingia katika aibu hii. Kipo kwenye ghuba ndogo. Kuna mawe makubwa yaliyopandiana kama magunia ghalani, mchanga mweupe, kilima kidogo upande wa kulia, na chini yake mwalo wa kushushia samaki, wenye mitumbwi na vichanja vya kuanikia dagaa. Harufu ya dagaa ilitupokea kabla ya wenyeji.

Tulipangiwa kulala kwa Mama Kabula, mjane aliyewaongoza akina mama wa vichanja. Ni mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulioko mbali. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba huku akimpima Projestus kuanzia koti hadi viatu.

"Na huyu baba amekuja kufanya nini?"

Projestus hakungoja nimjibie. Alisimama wima, akaweka mkono kifuani, akawatangazia akina mama wote waliokuwa wamekaa kivulini wakichambua dagaa: "Nimekuja kuchora maumbile!"

Kisha mama mmoja mnene akauliza taratibu, "Ya nani?"

Walicheka mpaka wengine wakalala kwenye mchanga. Mama Kabula alifuta machozi kwa ncha ya khanga. Projestus alinigeukia, hajaelewa. Miaka ya ughaibuni ilikuwa imemsahaulisha kwamba neno hilo lina kazi nyingine hapa nyumbani. Nilimweleza baadaye. Hakucheka. Alisema watu wetu bado hawajafika.

Asubuhi iliyofuata alisimika kiunzi chake mchangani, akaweka juu yake turubai la kuchorea, kubwa kuliko mlango, akatazama ziwa kwa muda mrefu. Kisha akaniita.

"Waambie wasogeze vile vichanja. Na wao wenyewe wasogee."

Nilitafsiri kwa adabu kuliko alivyosema. Mama Kabula alikuwa anamwaga dagaa, mikono yote inang'aa magamba.

"Tusogee wapi?"

"Pembeni kidogo."

Aliangalia kushoto, kulikokuwa na mawe, akaangalia kulia, kulikokuwa na maji. "Mwambie pembeni ndiyo hapa," akasema, akaendelea kumwaga.

"Basi," alisema Projestus, akijigonga paji la uso, "nitawatoa huku."

Akawatoa kweli. Nilikaa nyuma yake nikaona anavyofanya. Alianza na anga, kisha maji, kisha mawe, na mawe yale aliyaweza, siwezi kumdhulumu. Mkono wake ni mzuri. Mitumbwi ilikuwa pale mbele ya macho yake, akaipitishia mawimbi juu. Akina mama walikuwa wanaimba na kubishana umbali wa kutupa jiwe, yeye akaweka mchanga mahali pao, mchanga laini ambao hakuna aliyewahi kuukanyaga. Alipiga mluzi akifanya hivyo. Nimeona watu wakivunja nyumba za wenzao kwa jasho jingi zaidi.

Ukungu tulioufuata ulikuja kesho yake. Alituamsha kwa kelele: "Umekuja! Umekuja!" Nilitoka nje. Mbali ziwani paliinuka nguzo za moshi wa kijivu, ndefu, zinapinda taratibu zikielekea kwetu. Kwa mtu asiyejua zinapendeza, hilo nalikubali. Projestus alikwisha kubeba turubai jingine, akakimbilia jiwe lililojitokeza majini. Alimpa Tonny simu ampige picha kwa nyuma: koti linapepea, mkono mmoja kiunoni, mtu mdogo mbele ya ukuu.

"Projestus," nilimwita, "huo si ukungu!"

"Nyamaza, Milembe! Acha nihisi!"

Akahisi. Vilikuwa ni vile vijidudu vidogo vya ziwani, vinavyoibuka kwa mamilioni na kuletwa na upepo. Vilimwingia puani, masikioni, ndevuni. Alifungua mdomo kupiga yowe, vikaingia na humo. Alirudi akiserereka juu ya mawe, turubai amelikumbatia kama ngao, na rangi mbichi yote imegeuka manyoya meusi. Akina mama walikuwa wameshafunika vichanja vyao na kujifungia ndani. Mama Kabula alimfungulia mlango, akampa beseni la maji.

"Pole, baba," akamwambia. "Umeyachora hayo maumbile?"

Mchana mzima alikaa barazani akiondoa vijidudu kwenye turubai kwa ncha ya sindano, huku akinieleza kwamba binadamu na ulimwengu vilitengana tulipoanza kujenga miji, na kwamba kazi ya msanii ni kuvirudisha pamoja. Nikamuuliza kwa nini basi anaondoa vijidudu, maana hivyo navyo ni sehemu ya ulimwengu. Akasema mzaha wangu si mzuri.

Jioni hiyo upepo ulivuma, radi ikapiga upande wa visiwani. Tulikuwa tunakula ugali wa muhogo na sato. Projestus aliacha tonge, akageuza uso kwenye dirisha.

"Sikilizeni. Dhoruba ziwani! Hakuna kitu kizuri duniani kama hicho. Ningekuwa na ujasiri ningepanda mtumbwi sasa hivi niwe katikati yake."

Mama Kabula aliinuka, akasema anafuata maji ya kunawa. Maji yalikuwa mezani.

Nilimfuata jikoni baada ya muda. Ndipo aliponiambia habari za Kabula, mtoto wake wa kwanza, aliyemfanya aitwe hilo jina. Kabula alikuwa ameolewa kisiwani. Alikuwa anakuja kumsalimu mama yake, mtumbwi ukapinduliwa na upepo kama huu. Walimpata mawimbi yalipotulia. Mume wake alitaka kumzika kwao, mama akakataa.

"Nilimweka pale kilimani," alisema. "Nikiwa kwenye dagaa nainua kichwa, namwona. Kila asubuhi nampitia."

Asubuhi nilikwenda naye. Kaburi lilikuwa kwenye kile kilima kidogo cha upande wa kulia, limejengewa na kuwekwa vigae vya buluu, na msalaba mfupi wa zege. Alilifagia kwa ufagio wa majani kama mtu anayefagia mlango wa chumba cha mtoto. Chini yetu Projestus alikuwa anamalizia picha yake, na uso wake ameuelekeza kwetu.

Tuliporudi chini nilimkuta Tonny anaongea na simu, anamwambia mtu kwamba mchoro uko tayari na mkutano ni kesho.

"Mkutano gani?" nikamuuliza.

"Wa kijiji, mwalimu. Wa eneo."

"Eneo gani? Hoteli si ipo mjini?"

Alivua miwani kwa mara ya kwanza. "Hoteli ni hapa hapa, mwalimu. Kuanzia yale mawe mpaka kile kilima. Mabosi walitaka mchoro, siyo picha ya simu. Picha ya simu inaonyesha vurugu, si unaona mwenyewe, masufuria, nyavu. Mchoro unaonyesha eneo lilivyo wazi."

Nilimwendea Projestus. Alikuwa anaosha brashi.

"Ulijua?"

"Mimi nachora," akasema. "Mambo ya ardhi si yangu. Na hata hivyo, hoteli italinda mandhari. Hawa wanalichafua ziwa."

"Na hoteli haichafui?"

"Hoteli ina bustani."

Nilikwenda mbio kwa Mama Kabula kama mtu anayepeleka habari ya moto. Nilimweleza yote, nikisubiri ashike kichwa. Aliendelea kugeuza dagaa.

"Tunajua," alisema. "Mwenyekiti alishatuambia kuna mwekezaji. Tunataka tumsikie. Kuna wanaotaka vijana wapate ajira. Hata mimi, mdogo wake Kabula amemaliza shule, amekaa tu nyumbani. Kama watatujengea mwalo mwingine mzuri kule mbele, kwa nini tusizungumze?"

Kisha akaniangalia kwa jicho la pembeni. "Wewe ulidhani tumelala?"

Ndiyo, nilidhani wamelala. Dharau niliyokuwa nimembebea Projestus tangu Buhongwa ilinigeukia kidogo, nikaionja, nikaona si tamu.

Siku ya mkutano watu walijaa kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji. Mwenyekiti alikuwa amevaa koti la suti, na kabla ya kuanza aliniuliza pembeni kama mchoraji anaweza kumweka na yeye kwenye picha, amesimama karibu na maji. Tonny aliongea vizuri. Alitaja ajira, umeme, barabara, mwalo mpya. Watu walimsikiliza, wengine waliitikia kwa kichwa. Mzee mmoja aliuliza kuhusu maji ya bomba. Kijana mmoja akasema hapendi kuvua tena, anataka kuvaa sare na kubeba sinia. Mambo yalikuwa yanamwendea vizuri Tonny, na angenyamaza pale huenda angeondoka na alichokitaka. Lakini aliipenda mno picha yake. Aliondoa shuka iliyoifunika, akaisimamisha mbele ya watu.

"Hapa ndipo kwenu," alisema. "Tazameni palivyo pazuri."

Walisogea. Naomba nimtendee haki mwenye haki: ilikuwa picha nzuri. Maji yalikuwa yanapumua. Mawe ungetaka kuyagusa. Mwanga wa asubuhi ulishuka juu ya mchanga kama baraka, na pale katikati, mdogo, ameupa mgongo mkutano wote, alisimama mtu mmoja mwenye koti refu. Projestus alikuwa amewatoa wote, akajiweka yeye.

"Mitumbwi iko wapi?" mtu akauliza.

"Imekwenda kuvua," mwingine akajibu, watu wakacheka.

Mama Kabula hakucheka. Alipita katikati ya watu mpaka mbele. Alilitafuta pichani jiwe la kwanza, akalipata. Akafuata ukingo wa maji kwa kidole, bila kuugusa, akielekea kulia, akapanda kilima. Kilima kilikuwa na majani ya kijani, yamelazwa na upepo, na hapakuwa na kitu kingine. Kisha aliweka kidole juu ya kile kilima, akakandamiza, na rangi ilikuwa haijakauka.

"Hapa," alisema. "Kabula yuko hapa."

Aligeuka, akamtafuta Projestus kwa macho.

"Mchoraji," akaita. "Umelala kwangu. Umekula kwangu. Kila asubuhi umeniona napanda hapa na ufagio. Mwanangu umempeleka wapi?"

Nilijiandaa kutafsiri, lakini alikuwa amesema Kiswahili. Alitaka aeleweke bila mkalimani.

Projestus alisimama. Nadhani alikuwa na nafasi ya kusema pole. Neno lile ni fupi, hata aliyekaa Ulaya hawezi kulisahau. Alisema: "Mama, ni suala la mizani ya picha. Upande wa kulia ulikuwa mzito."

"Mzito," alirudia Mama Kabula. Alitazama kidole chake chenye rangi ya kijani. "Huyo mtoto nilimbeba kutoka majini mpaka juu pale. Uzito wake naujua mimi."

Sikumbuki nani alianza kupiga kelele. Mwanamume mmoja aliuliza kama mwalo mpya nao uko kwenye picha. Mwingine akauliza nyumba yake, iliyo nyuma ya mawe, imehamishiwa wapi. Mzee wa maji ya bomba akasema ikiwa wameshafutwa kabla ya kusaini, wakisaini watakuwa wapi? Tonny alijaribu kuifunika picha na shuka ikamtoka mikononi. Mwenyekiti, ambaye alikuwa ameonekana mlaini kama ndizi mbivu, alikagua upepo, akavua koti, akatangaza kwamba kijiji hakijakubali chochote na mkutano umefungwa. Yule kijana wa sinia alibaki amesimama peke yake, mikono mfukoni. Nilimwonea huruma. Yeye alitaka kazi tu.

Tuliaga mchana huohuo. Mama Kabula alitufungia michembe, vile viazi vitamu vikavu, ya njiani, na Projestus akafungiwa ya kwake sawasawa na sisi. Nilimshika mikono. "Uje," aliniambia. "Uje na daftari, uchore ukitaka. Ila uniulize kwanza."

Tukarudi Mwanza. Tonny hakuwasha redio. Tulivuka daraja bila mtu kulilalamikia. Picha ilikuwa nyuma, imefungwa kwenye shuka, na alama ya kidole cha mama yule haikurekebishwa, kwa sababu rangi ilikuwa imeshaanza kukauka.

Tulipofika Buhongwa, Projestus aliomba ateremke, kwa dada yake. Alisimama dirishani kwangu, pikipiki zikimpita, na kwa mara ya kwanza safari nzima alikuwa anatazama barabara.

"Milembe. Lile kaburi lilikuwa na rangi gani?"

Moyo wangu ulilainika. Nilidhani limemgusa. "Buluu," nikamwambia.

Alifikiri, amekunja uso. "Buluu," akasema. "Ingeshikana vizuri na maji. Bahati mbaya."

Akaondoka na koti lake.

Kampuni ilihamia ghuba nyingine, sijui kwa nani. Picha niliiona juzi hapa mjini, imetundikwa kwenye ukumbi wa chakula wa hoteli, na mbele ya kile kilima chenye alama ya kidole wameweka taa ya ukutani. Wageni wanaisifu. Wanasema nchi yetu imebarikiwa.

Nilichojifunza Nyamkole hakihitaji miaka ya Ulaya. Ukimsikia mtu anasema analipenda ziwa kupita kiasi, usipoteze muda kumuuliza analipenda kiasi gani. Muulize anataka nani ahame.